Bodi za Pasi ya Makaa

Mwaka jana tulimzika Fundi Okelo nyumbani kwao, karibu na Rongo. Mimi nilikaa viti vya mbele kwa sababu mjane wake, Mama Akoth, alinishika mkono akaniketisha hapo mbele ya macho ya ukoo mzima, Mkuria mmoja katikati ya Wajaluo. Ulipofika wakati wa kusoma sifa za marehemu, kijana aliyeshika kipaza sauti alipaza sauti kama anayeuza ng'ombe: "Huyu mzee ndiye mtu ya kwanza kutengeneza bodi ya redio hapa Migori na mikono yake mwenyewe! Bodi, watu wangu! Si kukarabati, kutengeneza!" Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, maana marehemu hagombezwi, lakini nilipiga kwa vidole vitatu tu. Kando yangu alikaa Nesi Auma, mstaafu sasa, aliyevuka ziwa kutoka kisiwa cha Mfangano mpaka Mbita asubuhi ile ili awahi maziko. Alikuwa amepakata mfuko uliofungwa kwa kamba, na kila mtu alipotaka kumpokea mzigo alikataa. Aliniinamia sikioni. "Boke, usiende kabla hatujakula. Niko na kitu hapa lazima uone." Nikasema sawa. Lakini akili yangu ilikuwa imeshaondoka pale chini ya hema, imerudi kwenye chumba chenye moshi wa makaa na harufu ya karatasi iliyoungua.

Ulikuwa mwaka wa 1998. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka Ntimaru, na kazi yangu ilikuwa kupiga pasi katika duka la ushonaji mjini Migori. Sikushona, nilipiga pasi tu, na nasema bila haya kwamba hapakuwa na mtu wa kunishinda. Meza yangu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, umetandikwa blanketi la kijivu. Pasi yangu ilikuwa ya makaa, nzito, yenye jogoo wa chuma kwenye kifungo chake. Pembeni niliweka jani la mgomba lililokatwa asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu jani ndilo lililokuwa kipimajoto changu. Ukilipitishia pasi na likanyamaza, pasi bado ni baridi. Likilia polepole, hiyo ni ya pamba. Likilia kwa hasira na kutoa moshi, ngoja, la sivyo utaunguza suruali ya mwalimu na utajieleza mwenyewe. Watu waliona kazi ile ni ya mtu aliyekosa kazi. Mimi niliipenda, na nguo ilipotoka mikononi mwangu imenyooka nilijisikia vizuri kama mtu aliyeandika barua bila kufuta neno.

Kati ya meza yangu na karakana ya Fundi Okelo palikuwa na ukuta wa mbao zilizoachana, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Alikuwa akitengeneza redio na kaseti pamoja na msaidizi wake Were, mwanamume wa miaka thelathini aliyekuwa na maneno mengi kuliko vifaa. Waliringa kwa Kijaluo na kugombana kwa Kiswahili. Juma moja niliwasikia wakigombana tangu Jumatatu. "Ongeza moto!" "Moto gani tena, Fundi, karatasi inakuwa nyeusi!" "Basi punguza! Sukuma! Sukuma na nguvu!" Halafu Okelo akisema, "Yawa! Imeharibika tena." Harufu ya karatasi iliyoungua ilipita kwenye nyufa ikaingia kwenye mashati yangu masafi. Siku ya Alhamisi nilichoka, nikaweka pasi chini, nikaenda kusimama mlangoni pao.

"Mnapika nini huku?" niliuliza.

"Si mambo ya wanawake," Were alisema.

"Harufu yake ni ya wanawake, iko kwa nguo zangu."

Okelo alicheka. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. "Wacha aone. Hii kitu ni ya pasi, na yeye ndiye mwenye pasi."

Akanionyesha. Zamani alipotaka kujenga kitu kipya aliunganisha vipuri kwa waya juu ya ubao, na waya zikalegea baadaye. Sasa alikuwa amesoma katika gazeti moja la kigeni kwamba mtu anaweza kutengeneza bodi kama zile za kiwandani, kibao ambacho njia za shaba zimeshika mahali pa waya. Unachora njia za umeme, unazichapisha kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa. Wino wa printa ile si maji, ni unga wa plastiki unaoyeyuka kwa joto. Unalaza karatasi juu ya kibao chenye ngozi ya shaba, unapiga pasi, na wino unahama kutoka kwenye karatasi unashika shaba. Kisha unatumbukiza kibao kwenye dawa inayokula shaba. Dawa inakula kila mahali palipo wazi, na chini ya wino njia zinabaki. Kwa maneno ilikuwa rahisi. Mezani palikuwa na vibao sita, na kila kimoja mistari yake ilikuwa imevurugika kama uji uliomwagika.

Niliomba wanionyeshe walivyopiga pasi. Were alichukua pasi ya umeme akaisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama anayefuta meza. Nikajua hapo hapo. Ndani ya kola ya shati huwekwa kitambaa kigumu chenye gundi kavu, na gundi hiyo hushika kwa joto. Ukiisugua pasi, kitambaa kinateleza na kola inakunjamana milele. Kola haisuguliwi. Unaweka pasi, unaegemea, unahesabu, unainua, unaweka mahali pengine. Na ukimaliza unaiacha ipoe yenyewe, huigusi. Niliwaambia hivyo. Were akasema bodi si kola. Okelo akanipa karatasi ya mwisho na kibao kipya.

Nilivipeleka kwangu, kwenye blanketi langu. Kwanza nilikisugua kibao kwa majivu na gunzi la mahindi mpaka shaba ikang'aa kama sufuria ya bibi harusi, maana niliona alama za vidole vyao vyenye mafuta ya mandazi. Nilipitisha pasi kwenye jani la mgomba, nikangoja mpaka lilie ile sauti ya kola. Nikaweka, nikaegemea, nikahesabu. Tulikitia kibao ndani ya maji mpaka karatasi ikalainika, nikaibandua kwa kidole gumba polepole, na mistari ikabaki juu ya shaba, myeusi, mikali, hakuna hata mmoja uliokatika. Okelo alivua miwani, akaivaa tena. "Nyar Kuria," alisema, binti wa Wakuria, na tangu siku hiyo hakuniita kwa jina lingine. Mama Akoth alikuwa ameleta chakula chao cha mchana, omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga na ugali wa mtama, akaniwekea sahani bila mtu kumwambia. Nilikula nimesimama.

Nasema nilisimama kwa sababu ndiyo ilikuwa sheria ya karakana ile. Palikuwa na viti vitatu vifupi vya mbao, na hukukalia kimoja mpaka umetengeneza kitu kwa mikono yako, kikatoka mlangoni na kikafanya kazi kwa mwenyewe. Were alisimama miaka miwili kabla hajaketi. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu, kimewekewa kopo la misumari. Miezi miwili nilifanya kazi ya mashati asubuhi na kazi ya bodi mchana. Nilijifunza kutikisa beseni la dawa juani ili shaba iliwe sawasawa, nikaharibu blauzi mbili kwa madoa ya kahawia ambayo hakuna sabuni iliyoyatoa. Nilijifunza kutoboa matundu, kushika moto wa kulehemu, kusoma rangi za vipuri. Yote hayo nilijifunza nimesimama. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka nguo, na sikumwambia mtu.

Printa ya leza ilikuwa Homa Bay, kwa Bi Zuhura, mwanamke wa Mombasa aliyefungua ofisi ya kupiga chapa karibu na soko. Chumba chake kilikuwa kidogo, kina pazia la kijani, kompyuta iliyofunikwa kwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na printa aliyoinunua kutoka mradi mmoja uliofunga. Hakuna karatasi iliyotoka pale na kosa. Wazee walioleta barua za malalamiko kwa machifu aliwasahihishia Kiswahili chao kwanza, wakitaka wasitake. Aliniketisha, akanipa mahamri na mbaazi wa nazi, akanisahihisha na mimi. Tulichora njia za Okelo kwenye kompyuta yake, mstari kwa mstari. Nilimweleza kwamba picha ni lazima ichapishwe ikiwa imegeuzwa, kama herufi za muhuri zinavyokaa kinyume ili zikigongwa zisomeke. "Mambo ya mafundi hayo," alisema, akaigeuza. Mistari mitupu, hata ukiigeuza, haina ubaya kwa macho.

Kisha akaja Nesi Auma. Aliingia karakana akiwa na taa ya Okelo ya zamani, ile ya waya juu ya ubao, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Fundi, hii kitu yako ilizima na mama yuko kitandani. Nilishika tochi na meno, mtoto nikapokea na mikono. Boti inatikisa, waya zinatoka. Kama huwezi, sema huwezi." Okelo aliinamisha kichwa. Nesi alitaka taa kumi na mbili za mirija, za kuwashwa kwa betri ya gari, za zahanati na za wakunga wa kisiwani, na alizitaka Ijumaa ya wiki iliyofuata, atakapopita kwenda kupanda boti. Alipoondoka, Okelo aliniangalia. "Kumi na mbili, za bodi. Shaba iko ya kumi na mbili peke yake, dawa ni hiyo ya mwisho. Hizi ni zako, nyar Kuria, kutoka karatasi mpaka mwangaza." Akaliondoa kopo la misumari kwenye kiti cha tatu, akaliweka chini. Were alikohoa. Mimi sikulala vizuri siku kadhaa kwa furaha na hofu.

Okelo aliomba jambo moja tu. Alitaka jina lake litokee kwa shaba pembeni mwa kila bodi, kama kampuni za nje: FUNDI OKELO MIGORI. Nilikwenda Homa Bay nalo. Tukaliandika, tukaligeuza, nikatoka nje kununua karatasi zaidi za kalenda, zile za kung'aa. Niliporudi, karatasi zilikuwa tayari zimepangwa. "Mwanangu," Bi Zuhura alisema, "jina la mzee lilikuwa limekaa kinyumenyume. Mtu akiliona limetoka kwangu atasema Zuhura hajui kazi, au anawaandikia watu hirizi. Nimekunyooshea." Nami nikatazama. FUNDI OKELO MIGORI, safi, inasomeka. Ninajua mtasema ningeshtuka. Sikushtuka. Nilifurahi kwamba inasomeka vizuri, nikamshukuru, nikala na hamri la mwisho.

Zile bodi kumi na mbili nilizipiga pasi kwa siku moja, na sijawahi kupiga pasi vizuri vile tena. Hakuna mstari uliokatika. Niliziosha, nikazitia kwenye dawa, nikatikisa beseni mpaka mkono ukafa ganzi, nikazitoa, nikafuta wino kwa petroli. Shaba ikatokea. Hapo ndipo Were, akiwa amesimama begani kwangu, alisema kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi, "Fundi, kuja usome jina yako." Jina lilikuwa kinyume. Herufi zote zilitazama upande mbaya. Okelo alitoboa bodi moja, akachukua transfoma ndogo yenye miguu mitano, akajaribu kuiingiza kwenye matundu yake kwa upande usio na shaba, kama kawaida, akaigeuza, akajaribu tena. Haikuingia. Miguu yake ilipangwa kushoto, na matundu yalipangwa kulia. Picha nzima ilikuwa kinyume, si jina tu. Shaba ilikuwa imekwisha na dawa imegeuka tope, na ilikuwa Jumatano. Okelo hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliokota lile kopo la misumari pale chini. Hakuliweka popote, alilishika tu.

Nilirudi kwenye meza yangu. Nililia kidogo, siyo sana, maana palikuwa na nguo za watu. Juu ya rundo palikuwa na suruali nyeusi ya mchungaji. Nguo nyeusi haipigwi pasi kwa nje, inapata mng'ao mbaya. Unaigeuza ndani nje. Basi niliigeuza, nikailaza, nikanyoosha mishono kwa kiganja kama nilivyofanya kila siku ya maisha yangu. Mfuko wa kulia ulikuwa sasa kushoto. Mfuko wa kushoto ulikuwa kulia. Na suruali ilikuwa suruali ile ile, hakuna mshono uliopotea. Mtu akitaka anaweza kuivaa hivyo hivyo, atachekwa tu. Nilisimama na pasi mkononi mpaka nikasikia harufu. Niliwahi kuinua, mchungaji hakujua kitu mpaka leo.

Nilikimbia mlango wa pili. "Fundi, tunaivaa ndani nje!"

"Nini?"

"Bodi. Vipuri vinakaa upande wa nyuma, si ndiyo? Shaba iko mbele. Hii imegeuka. Basi na sisi tugeuke. Tuweke vipuri upande wa shaba."

Were alianza kusema hakuna mtu anafanya hivyo. Okelo alimnyamazisha kwa kidole. Alichukua ile transfoma, akaigeuza bodi, akaishusha miguu mitano kutoka upande wa shaba. Iliingia yote, tano, tik. Aliweka kopo la misumari sakafuni, mbali na kiti. "Lakini utalehemu aje? Imekaa juu ya mahali ya kulehemu."

"Tuiinue kidogo." Nilichukua njiti mbili za kiberiti, nikaziweka chini ya tumbo la transfoma ikasimama juu yake, na ncha ya moto ikapata nafasi ya kupita. Nililehemu, nikavuta njiti. Siku mbili tulifanya hivyo. Ijumaa kabla ya saa sita tuliunga ya kwanza kwenye betri, Mama Akoth akiwa amesimama mlangoni na sufuria. Mrija ulipepesa mara mbili, ukawaka, mweupe, na karakana ile yenye masizi ikaonekana chafu kuliko tulivyodhani. Okelo aliitikisa taa kama boti inavyotikisa. Haikuzima. Akaigonga mezani. Haikuzima. Ya pili ikawaka, ya tatu, mpaka kumi na mbili. Nilitaka kuzifunga kwenye masanduku yake ya bati, Okelo akakataa. Alisema kufunga atafunga mwenyewe, niende nikanywe chai. Niliudhika kidogo. Nesi Auma alipofika, Okelo alimwambia, "Nimekutengenezea," na hakusema zaidi. Nilimngoja aseme zaidi. Alipozichukua na kuondoka, Okelo alisukuma kiti cha tatu kwa mguu mpaka kikagusa goti langu, nikaketi. Lakini kwa miaka mitano niliyofanya kazi pale, kwa kila mteja alisema "nimetengeneza", na mimi nilimeza.

Tulipomaliza kula, Nesi Auma alifungua kamba ya mfuko wake. Ilikuwa taa, sanduku la bati limepigwa kutu na hewa ya ziwa. "Ilifanya kazi mpaka tukaletewa umeme wa jua," alisema. "Hata baada ya hapo niliweka nyumbani. Watoto walizaliwa na hii mpaka nikachoka kuwahesabu. Juzi nikafungua kutoa buibui." Alikuwa amekuja na bisibisi, mwanamke wa maana. Akafungua skrubu nne, akainua bodi, na mbele nikaona kazi yangu: vipuri upande usio wake, transfoma ikisimama juu ya hewa ya njiti mbili, FUNDI OKELO MIGORI ikitazama kinyume. "Si hapo," Nesi alisema. "Geuza."

Nyuma, upande ule mtupu usio na shaba, mtu alikuwa amekwaruza kwa ncha ya msumari, kwa herufi kubwa zilizonyooka: FUNDI NI BOKE.

Mimi si mtu wa kunyamaza, na sikunyamaza. Nilisimama, nikapita katikati ya viti, nikampa kijana wa kipaza sauti ile bodi. "Soma mbele, halafu soma nyuma." Ya mbele ilimshinda, watu wakacheka. Ya nyuma aliisoma, akanitazama, akaisoma tena kwa nguvu zaidi, na makofi ya safari hii niliyapokea kwa mikono yote miwili. Nilipogeuka, Mama Akoth alikuwa amesimama nyuma yangu, leso begani, macho mekundu ya kilio cha siku nne.

"Ziko hivyo zote kumi na mbili," alisema. "Ulipoenda kunywa chai, mimi nilimshikia bodi akiandika. Nikamwambia, mwambie huyo msichana. Akasema hapana, nikimwambia atajua yeye ni fundi, atatoka aende kufungua karakana yake."

"Lakini nilifungua, mama."

"Si ndiyo. Na kila siku alikuwa anapita kwa mlango yako akienda posta, aone kama uko na wateja."